Niliiweka Karo ya Brian Nyuma ya Pesa za Mayai

Kosa ni langu. Hakuna aliyenishika kidole nikabonyeza. Jumatatu mdogo wangu Brian alipaswa kuripoti chuoni Njoro, na haendi. Sababu ni mimi!

Mimi ndiye kifungua mimba. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule kidato cha pili, nikabaki na wadogo watatu na shamba la viazi huku Kuresoi. Miaka tisa sasa. Hawajawahi kulala njaa, hata siku moja!

Msimu huu viazi vilitubeba. Lakini nawajua wajomba zangu: wakisikia tumeuza, kila mmoja ana mgonjwa. Basi karo ya Brian nikaificha wasikoweza kuniomba, kwenye pochi ya sarafu za kidijitali katika simu yangu. Ni ileile ninayofanyia biashara ya futures. Nilijiona mjanja!

Biashara yenyewe ilikuwa ya pesa ndogo ninazopata kwa kuuza mayai ya kuku wetu. Unabashiri bei itapanda au itashuka, na programu inakuongezea nguvu kwa mkopo. Nilikuwa natumia isolated: unatenga kiasi fulani, bei ikikugeuka kinaliwa hicho tu. Pesa zingine haziguswi.

Tatizo, bei ikitikisika kidogo biashara yangu inafungwa, halafu bei inapanda bila mimi. Nikamlalamikia jirani anayefanya biashara hiyohiyo. Akanicheka.

"Hiyo ni ya waoga, boss. Weka cross. Bei ikishuka, pochi yote inakushikilia mpaka irudi."

"Na isiporudi?"

"Itarudi! Mkulima mzima hujui kungoja?"

Nikabadilisha. Ikashuka, ikarudi. Mara ya pili pia ikarudi. Nikaacha kuogopa, nikapandisha mkopo hadi mwisho. Ole wangu!

Alhamisi asubuhi nilibashiri kwamba sarafu moja isiyo na jina kubwa itapanda, nikaenda kupalilia. Shambani kwetu hakuna mtandao. Nilipopanda mlimani saa sita kutafuta mtandao, jumbe ziliingia zote kwa pamoja. Bei ilikuwa imeporomoka. Pochi ilikuwa imeing'ang'ania ile biashara ya pesa za mayai, ikimega karo kidogo kidogo, hadi ikabaki sufuri.

Sufuri! Nilikaa chini palepale mlimani nikiwa na jembe mkononi. Hata machozi hayakuja.

Nilimwambia Brian siku hiyohiyo. Alikuwa anakatia ng'ombe nyasi.

"Siz, si ulisema iko mahali salama?"

"Niliamini iko salama."

"Afadhali ungewapa wajomba. Wao tunajua kwao."

Akacheka kidogo, kisha akaendelea kukata nyasi. Kicheko hicho ndicho kinaniua. Angenitukana ningepumua!

Programu nimeifuta. Nalima vibarua kwa watu, na nitalima hadi aingie chuo, hata ikiwa ni mwaka ujao. Lakini nafasi ya mwaka huu nimeiua kwa mkono wangu.

Wewe unayelea wadogo, nisikilize. Pesa ya mtoto isilale kwenye pochi ya biashara, hata kwa siku moja! Na usibadilishe kitu usichokielewa kwa sababu mtu amekucheka. Maelezo ya cross yalikuwa palepale kwenye skrini, kwa Kiingereza kirefu. Niliona aibu kuuliza maana yake, mimi niliyeacha shule. Na Brian, ambaye angenisomea kwa dakika mbili, alikuwa chumba cha pili.