Ukuta wa Jikoni kwa Akina Thackray

Noreen Thackray alikuwa mpishi katika shule ya msingi hapa kwetu Keighley, kaskazini mwa Uingereza, na katika maisha yake yote ya ndoa hakuwahi kugombana na mumewe, Lionel. Watu walimsifia sana kwa hilo. Mimi ni jirani yao, na nyumba zetu zimeshikana kama zilivyoshikana nyumba zote za mtaa huu, lakini sikuwahi kusikia sauti ikipanda upande wa pili. Nilichosikia ni nyundo.

Miaka ile kampuni za kadi za mkopo zilikuwa zinawatumia watu vitabu vya hundi ambavyo hawakuviomba. Unaokota bahasha mlangoni, unaifungua, unakuta hundi zina jina lako tayari, pamoja na picha ya familia inayocheka ndani ya jiko jipya. Ukimwandikia fundi hundi, kampuni inamlipa, na deni linaingia kwenye kadi yako. Riba inaanza kuhesabiwa siku hiyo hiyo, ila hilo walikuwa wanaliandika chini kabisa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi.

Lionel alikuwa amestaafu majuzi tu kazi ya kusoma mita za maji. Bahasha ilipofika aliisoma polepole, akatazama picha, kisha akautazama ukuta uliotenganisha sebule na jiko. Noreen alipokwenda Hull kumwona dada yake, Lionel alimwita fundi mwashi anayeitwa Dougie Sugden, akamwandikia hundi. Ukuta ukaanguka.

Noreen aliporudi alisimama na begi lake mlangoni. Kutoka pale aliweza kuona moja kwa moja mpaka kwenye sinki.

"Umetoa ukuta," akasema.

"Ndiyo."

"Haya. Utakunywa chai?"

Wakanywa chai. Kwa Noreen, hata hivyo, lile jiko lilikuwa mahali pake. Akitoka shuleni, kelele za watoto zikiwa bado masikioni, alikuwa anafunga mlango wa jikoni, anawasha redio, anaimba huku akipika. Sasa Lionel alikuwa anageuza kiti chake na kumtazama akimenya viazi kama anatazama mpira kwenye televisheni. Mara nyingine alimwambia kiazi fulani bado kina jicho. Kuimba kukakoma.

Jina la Noreen nalo lilikuwa kwenye kadi ile, kwa hiyo na yeye alikuwa ametumiwa kitabu chake. Alikuwa amekificha kwenye kopo la biskuti. Lionel alipokwenda kuvua samaki mtoni na wenzake wa klabu, Noreen alimpigia simu Dougie. Dougie aliniambia baadaye kwamba alijaribu kuuliza kama mzee anajua, lakini mama alikuwa ameshakata kipande chake cha keki na kumwekea sahani, na kwa Dougie hapo mjadala ulikuwa umefungwa. Akajenga.

Lionel alirudi jioni akinuka matope, akaenda kunawa mikono kwa njia aliyokwisha kuizoea, akagonga pua.

"Naona ukuta umerudi," akasema.

"Umerudi."

"Umekaa vizuri."

Noreen alipowasindikiza watoto wa shule kwenye jumba la makumbusho, ukabomolewa tena. Lionel alipokwenda hospitali kupimwa nyonga, ukajengwa tena. Dougie sasa alikuwa anayapanga matofali uani chini ya turubai, kwa kuwa alijua yatatakiwa. Saruji alikuwa anaichanganya nyepesi ili isimpe taabu wakati wa kubomoa, na bei akaipunguza bila kueleza sababu. Nilipomkuta Noreen nje akitoa taka, nywele zake nyeupe kwa vumbi, nilimuuliza wanatengeneza nini humo ndani. Akanijibu kwamba ni nyumba tu, jirani, nyumba haina mwisho.

Mara ya mwisho, baada ya Lionel kubomoa tena, Dougie alikuwa anamjengea Noreen na ukuta umefika kiunoni, alipopata habari kwamba hundi ya Noreen imerudishwa bila kulipwa. Akaweka mwiko chini. Lionel aliporudi kutoka mtoni aliutazama ukuta kwa muda mrefu, akasema naona safari hii ni mfupi. Noreen akakubali kwamba ni mfupi.

Asubuhi yake nilikuwa nimekwenda kurudisha ngazi yao Dougie alipoingia, kofia mkononi. Alidhani Lionel hayupo.

"Hundi imekataliwa," akasema.

"Ipi?" wakauliza wote wawili kwa pamoja, kisha wakatazamana.

Dougie akakaa bila kukaribishwa. "Mama, iliyokataliwa ni yako. Ila mzee, na zako zinatoka huko huko. Kadi ni moja. Mmekuwa mkinilipa nijenge na nibomoe kwa mfuko mmoja, na sasa mfuko umekauka. Mimi nimechoka. Nikilala naota huu ukuta."

Nilibaki nimeshika ngazi.

"Kwani uliubomoa kwa nini, Lionel?" Noreen akauliza.

Lionel akazitazama soksi zake. "Nashinda humu peke yangu mchana kutwa. Wewe ukirudi unajifungia huko, nakusikia unaimba. Nikataka nikuone."

"Si ungegonga mlango."

"Sikujua inaruhusiwa."

"Naimba vibaya, Lionel."

"Vibaya sana," akasema Lionel.

Noreen alicheka mpaka ikabidi aushikilie ukuta ule mfupi, na tofali moja likachomoka, kwa ile saruji ya Dougie.

Deni halikucheka nao. Waliuza karavani yao ya likizo iliyokuwa Filey, pwani, na Noreen akaongeza kazi ya kufagia ofisi jioni. Lionel alikuwa anakwenda naye kumbebea ndoo, na inasemekana aliwasomea wenye ofisi mita zao za maji bila kuombwa. Ukuta ulibaki pale pale kiunoni. Dougie aliujenga upya kwa saruji ya kweli na kuweka ubao juu, bila malipo, kwa ajili ya kuituliza roho yake. Wageni wakawa wanaegemea pale na vikombe vyao, wanauliza ni ubunifu wa nani. Kabla mwaka haujaisha, karibu nusu ya mtaa ilikuwa na ukuta kama huo, hata mimi. Mama wa nyumba ya kona alipomuuliza Dougie kipimo sahihi ni kipi, alimjibu kwamba unajenga mpaka pesa ziishe.

Siku walipomaliza kulipa, Noreen na Lionel walikwenda Filey kwa treni. Mvua ilinyesha tangu walipofika. Wakala samaki na chipsi ndani ya kibanda cha basi, na Noreen akaniambia ilikuwa siku nzuri sana.