Ufunguo wa Kuandika Ghalani

Kazi yangu ya kwanza ya maana Birmingham, katika ofisi yetu juu ya bohari kuukuu la Nechells, ilikuwa kuhamisha kache. Kache ni ghala: kompyuta ikishajenga kipande cha programu hukiweka humo, ili mwingine akichukue bila kukijenga upya. Ghala la zamani lilikuwa na nywila moja ya ofisi nzima. Jipya lilitaka kila mtu awe na ufunguo wake, mstari mrefu wa herufi na tarakimu. Ufunguo wa kuandika, yaani wa kuweka vipande ghalani, tulikuwa nao mimi na seva, kompyuta kuu ya ofisi, tu; wengine walipewa wa kusoma, yaani wa kuchukua. Nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio, na nikiharibu, basi kwaheri kazi.

Wiki ya pili programu zetu zikaanza kufa. Msimbo wake, yaani maandishi ya programu, haukuguswa. Nikafuta vyote vilivyokuwa ghalani, zikapona. Baada ya chai zikafa tena. Wenzangu walinung'unika, lakini mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nafurahia. Jambo nisilolijua sababu hunisahaulisha hata chakula. Nikafungua kumbukumbu za seva, ambamo kila kipande kina jina la aliyekiweka.

Vipande vibovu vyote vilikuwa na jina langu. Kimoja kiliwekwa saa nne na robo, nami saa nne na robo nilikuwa jikoni nasuuza kikombe.

Hapo nikakumbuka. Mwenzangu wa meza ya pili, Mtanzania, aliwahi kunijia kabla hajachukua ufunguo wake: "Dada, hii build inanimaliza, kila mara naijenga upya. Nitumie token yako basi." Nikamtumia ufunguo wangu palepale. Kwetu jirani akiomba chumvi humuulizi ya nini. Kumbe laptop yake ilikuwa na zana za zamani, ikijenga vibaya na kutugawia sote kwa jina langu.

Nilimwambia meneja kwamba kosa ni langu. Akaniagiza niufute ufunguo ule. Akasema akiuona ufunguo wangu mwingine kwa mtu asiyehusika, hatasubiri miezi yangu ya majaribio iishe kunifukuza.

Jioni yule kaka akaja. "Dada, token imekata. Nipe mpya."

Nikamweleza yaliyotokea, nikampa wa kusoma.

"Na wa kuandika?"

"Huo sikupi, kaka."

Akacheka, akingoja nami nicheke. Sikucheka. Akarudi mezani kwake taratibu. Sikuwahi kumnyima mtu kitu nilichonacho, na niliona aibu mpaka masikio yakawaka.