Sahani ya Kwanza

Muhula ule, chuoni Mbarara, tulisoma maharamia wa karne za nyuma. Wakristo kwa Waislamu, kazi yao ilikuwa moja: kutua alfajiri kwenye kijiji cha pwani na kubeba wenye nguvu wakapige makasia. Wengine walirudi baada ya miaka mingi, mwalimu alisema, ndiyo maana ndugu zao waliogopa kuwalilia. Niliandika yote kwa mwandiko mzuri. Sikusikia kitu moyoni, na hilo lilinikera kuliko somo lenyewe.

Kaka yangu alichukuliwa hivyohivyo, ziwani Tanganyika, tulipokuwa tunakimbia vita kutoka kwetu Fizi. Wenye bunduki walisimamisha boti, wakaondoka na injini pamoja na yeye.

Nyumbani kwetu, bila maiti hakuna matanga, na bila matanga mtu hajafa. Kwa hiyo hapa kambini Nakivale mama humpakulia kaka kwanza, bugali na ndagala, dagaa wa kwetu. Tukishamaliza, dada yangu mdogo anaila ile sahani.

Dada ana ugonjwa wa moyo. Madaktari wa kambi walituambia matibabu yake yako ng'ambo, tukaitwa kwenye mahojiano ya kuhamishiwa huko. Nilitoka Mbarara kuja kumtafsiria mama.

"Muko bangapi?" nikamuuliza kwa niaba ya afisa.

"Tuko bane."

Afisa akatazama viti. Tulikuwa watatu. Akauliza wa nne yuko wapi.

"Atakuya," mama akasema. "Muambie atakuya."

Jirani yetu alijibu hivyo kuhusu mume wake, na faili lake limelala mpaka leo. Nilisikia dada anavyohema. Nikamwambia afisa kwa Kiingereza: amekufa. Ikatoka kirahisi, kama vile nimeulizwa saa.

"Umemuambia?"

"Ndiyo, mama."

Karatasi zilitoka. Dada alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Mama hajui kusoma, lakini anajua kila mtu ana mstari wake. Kidole chake kilipita kwake, kwangu, kwa dada, kisha kikakosa pa kwenda.

"Ya kaka yako iko wapi?"

Hasira ilinipanda, sijui ya nini. "Nilisema alikufa. Ni mimi nilisema, mama!"

Hakulia. Alisonga bugali kama kawaida. Akapakua sahani ya kaka kwanza, halafu ya dada, halafu yake. Nikanyoosha mkono nipokee yangu.

"Si baliandika batatu?" akasema, akafunika sufuria.