Lorna Tjaden Alipojisimamia Mtihani

Kwa miaka ishirini na miwili Lorna Tjaden alishika ufunguo wa chumba namba tisa, na hakuna aliyeingia chuo cha wilaya kule kwao Nebraska bila kupita mikononi mwake. Humo wageni walifanya mtihani wa kupangiwa madarasa: aliyefaulu alikwenda moja kwa moja kwenye masomo ya chuo, aliyepungukiwa alianzia darasa la maandalizi. Lorna aliwahi kuliko wote, akapita kiti kwa kiti akiwaombea watakaovikalia, kisha akaweka pipi moja ya mnanaa juu ya kila meza. Mtu mwenye pipi mdomoni, alisema, halii upesi.

Ila vyuo vya namna hiyo vilikuwa sita pale jimboni, na kila kimoja kilipima kwa mzani wake. Kwa akina Lorna alama hamsini na nane zilitosha. Ng'ambo ya mto walitaka sabini. Basi mtu alikuwa msomi upande huu, akivuka daraja hajui kusoma. Ofisi ya jimbo ikaamua mzani uwe mmoja, sitini na tatu kwa wote. Habari ya pipi peke yake kamati ya ofisi hiyo iliikalia siku mbili, maana kuna chuo hakikuwa nazo, wakakata shauri kwamba ama wale wote ama asile mtu. Hakula mtu.

Kanuni mpya ilitaka pia kila msimamizi awe ameufanya mtihani wenyewe. Lorna aliufanya mwezi wa Juni huku akiwasimamia watu kumi na wawili. Katikati ya insha mzee mmoja akaangusha miwani. Lorna akapiga magoti, akaitafuta chini ya meza mpaka akaipata, na insha yake ikaishia mistari minne tu. Akapata sitini na moja.

Duane Vavra, mkuu wa masomo, alimwita ofisini. Walisali kanisa moja, na sauti yake siku hiyo ilikuwa ya mtu anayepeleka habari za msiba.

"Kaa, Lorna. Kompyuta imekuandikisha darasa la maandalizi. Jumatatu na Jumatano, saa nne asubuhi."

"Nitoe basi."

"Nimejaribu. Inaniuliza kama umefariki au umejiunga na jeshi."

"Nina miaka sitini na mmoja, Duane."

"Nimeiambia. Haina pa kuandika hilo." Akavuta pumzi. "Halafu kuna hili. Mfanyakazi asiyefaulu haruhusiwi kukaa namba tisa kuanzia tarehe kumi na tano Agosti. Usipofikisha sitini na tatu kabla ya hapo, utanipa ufunguo."

Lorna aliugusa ufunguo mfukoni. Tarehe kumi na nane kulikuwa na watu arobaini na watatu waliokwisha kujiandikisha, wengi wao wa kiwanda cha nyama, watu ambao hawajashika penseli tangu ujana wao. Nani angewapokea?

"Nitaurudia," alisema. "Nani atanisimamia?"

"Msimamizi mwenye cheti."

"Na hapa mwenye cheti ni nani?"

Duane alipekua karatasi zake, ingawa jibu walilijua wote wawili: ni Lorna peke yake, na cheti chake cha zamani kilikuwa halali mpaka hiyo tarehe kumi na tano. Wale wa vyuo vingine, watatu walikuwa wamefeli vilevile na wanahangaika na marudio yao, na wawili wamekwenda Minnesota kuvua samaki. Ikabidi wapige simu ofisi ya jimbo. Mama mmoja mpole akawasomea kanuni.

"Msimamizi asiwe mume, mke, mzazi, mtoto, ndugu wala shemeji wa mtahiniwa," alisema. "Wewe ni nani kwake, mama?"

"Mimi ndiye yeye."

Zikasikika kurasa zikifunuliwa. "Mwenyewe hayumo kwenye orodha. Endeleeni, Mungu awabariki."

Ijumaa tarehe kumi na nne Lorna alifungua namba tisa, akakiombea kiti kimoja. Mumewe, Gene, alikaa nje kwenye benchi na chupa ya kahawa, na kwa kioo cha mlango aliona yote. Alimwona mkewe akisimama mbele na kusoma masharti kwa sauti, kama ilivyoandikwa, kisha akiuliza kama kuna mwenye swali na kungoja. Lorna akatoa kitambulisho chake, akakitazama, akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akaridhika. Kwenye mfuko wa sketi alikuta pipi ya mnanaa. Akajinyang'anya.

Hesabu zilikwenda vizuri. Insha iliuliza: eleza jambo uliloamini kuwa ni la haki ingawa lilikuumiza. Lorna aliandika kwa moyo wote. Alikuwa amebakiza neno moja la sentensi ya mwisho saa ya ukutani ilipogonga, na Gene akasikia sauti aliyoizoea: "Penseli chini." Ikalazwa. Lorna akainuka, akazunguka meza, akaichukua karatasi, akaitia kwenye bahasha na kuifunga.

"Neno moja tu lilibaki," Gene alimwambia njiani, alipokwisha kusimuliwa. "Ungelimalizia, nani angekuona?"

"Yule aliyekuwa akinisimamia."

"Mkali kweli yule mama."

"Miaka ishirini na miwili nimewapokonya watu karatasi, Gene. Leo nijiachie mwenyewe?"

Gene alimmiminia kahawa.

Jioni ile ile matokeo yakaja. Sitini na mbili.

Duane aliupokea ufunguo kwa mikono miwili, akakaa na kanuni siku nzima ya Jumamosi. Jumapili, baada ya ibada, alimkuta Lorna akiosha vikombe vya kahawa kwenye chumba cha chini ya kanisa.

"Kanuni inamkataza mfanyakazi," alisema. "Wanafunzi haikuwataja. Na chuo kinaruhusiwa kumpa mwanafunzi kibarua."

"Kibarua gani?"

"Msaidizi wa msimamizi wa namba tisa. Nafasi ya msimamizi mwenyewe iko wazi." Akamwekea ufunguo kwenye sinia la vikombe.

Jumanne tarehe kumi na nane watu arobaini na watatu waliingia. Lorna alikaa kando kwenye kiti kidogo, beji ya mwanafunzi shingoni, na kiti kikubwa cha mbele kikawa kitupu. Mwanamke mmoja wa kiwandani alimwinamia.

"Samahani, mama. Msimamizi ni nani hapa?"

"Hayupo," Lorna alimwambia, akimvutia kiti. "Akifaulu atarudi."