Nilivyoifuata Muratina Hadi Manyatta

Ndugu yangu mdogo, Kirimi, alikuwa amepata mchumba, lakini baba hakuwa na pombe ya kuwapelekea wazee wa upande wa msichana. Hiyo ndiyo sababu iliyonitoa Meru nikaenda Embu, miaka ile ya Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya kikoloni, wakati mtu hakuvuka mto bila karatasi.

Si kwamba baba hakujua kutengeneza. M'Ikiara alisifiwa kwa pombe yake ya asali kuanzia Kaaga hadi kule chini. Shida ilikuwa muratina. Hilo ni tunda refu, gumu, la mti wa mwegea, ambalo hukaushwa na kutiwa ndani ya asali na maji ili pombe ichachuke. Ukimaliza unalitoa, unalianika, unalitunza kwa pombe ijayo, na kadiri linavyozeeka ndivyo linavyozidi kuwa zuri. Za baba zilining'inia juu ya meko miaka mingi. Tulipohamishiwa katika kijiji chenye ua na homugadi, walinzi wa serikali, langoni, nyumba ya zamani ilichomwa kabla hajaziondoa.

Alijaribu kwa hamira ya dukani. Wazee wa msichana walionja, wakatazamana, wakaweka pembe za kunywea chini. "M'Ikiara," mkubwa wao akasema kwa upole, "tutarudi mwezi mwingine ukiandama." Kirimi hakula siku hiyo.

Ndipo baba akaniita. "Nenda Manyatta kwa Njeru. Tulipasua mbao pamoja tukiwa vijana. Muratina yake ilitoka kwangu. Kama yuko hai, atakupa."

Kibali nilipata upesi kuliko wengine, na nitaeleza kwa nini. Mimi ni fundi cherehani mjini Meru, na miaka hiyo nilishona kaptula za askari. Karani aliyenijua alinigongea muhuri wa siku nne.

Siku ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda lori la viazi, mkononi nimeshika mkebe wa asali aliyonipa baba. Tulipita Nkubu, tukapita Chuka, tukishuka mabonde na kuyapanda, kila mto una daraja lake jembamba na maji baridi yanayotoka mlimani. Penye mto Thuci kulikuwa na kizuizi. Askari alifungua mkebe, akanusa, akachovya kidole.

"Hii inakwenda wapi?"

"Kwa rafiki wa baba, Manyatta."

Akalamba kidole, akachovya tena. "Rafiki wa baba yako ana bahati," akasema, akanirudishia kibali.

Saa tisa nilishuka Embu mjini, nikapanda kwa miguu nikiharakisha, maana kafyu haikumngoja mgeni. Kijiji cha Manyatta kilikuwa kimezungukwa na handaki lenye miti iliyochongwa. Baada ya karatasi yangu kusomwa mara mbili, nilionyeshwa nyumba ya Njeru.

Nilimkuta mzee mwembamba, mrefu, amekaa kwenye kigoda. Nilipotaja jina la baba, alisimama, akanishika mabega yote mawili. Tulizungumza, yeye kwa Kiembu, mimi kwa Kimeru, tukisikilizana vizuri. Mkewe, Mama Wanja, akaniletea nusu kibuyu cha pombe ya uwimbi, aliyoipika kwa ruhusa ya chifu.

Sikuwa nimewahi kunywa iliyo nzuri kama ile. Ilikuwa nzito, rangi ya majivu mekundu, vuguvugu bado, na juu yake povu lililopasuka polepole. Mwanzo ulionja uji, katikati ukali wa kimea, na mwisho harufu ya moshi ikabaki puani. Niliwahi kupewa bia ya chupa kantini mjini Meru, baridi na chungu, nikaipenda kidogo. Lakini ile unainywa mara moja imekwisha. Hii ya Mama Wanja unaitafuna.

"Na wewe unafanya kazi gani?" Njeru akauliza.

"Nashona, mzee."

"Unawashonea akina nani?"

Ningeweza kusema wanawake wa sokoni, na isingekuwa uongo wote. "Kila mtu," nikasema. "Hata askari."

Mama Wanja aliacha kukoroga chungu chake. Njeru alitazama mlango. Kisha akaniambia kwamba mwanawe, Nyaga, alichukuliwa na askari miaka mitatu iliyopita, na barua zimekuja mbili tu kutoka kambi alikofungwa. Niliweka kibuyu chini. Nililala juu ya ngozi waliyonitandikia, na muratina sikuitaja.

Siku ya pili, jua lilipochomoza, Njeru mwenyewe aliniita nje. Alikuwa ameshika pembe.

"Baba yako hakukutuma kunisalimia tu. Najua unachotaka. Onja kwanza hii ya miwa, uniambie."

Nikaonja. Utamu wa miwa ulikuja vizuri, halafu ukakatika ghafla, na kikaingia kitu kikali kilichobana taya. Nilijua wanangoja nisifu. Nilijua pia kwamba baada ya maneno ya jana, ubaya wowote ningeusema ungeonekana kuwa dharau ya mtu wa serikali.

"Mzee, imeharibika."

Mama Wanja akafunika mdomo kwa mkono. Njeru akaketi chini kama aliyetua mzigo.

"Majirani wanainywa wakisema nzuri," akasema. "Mimi najua ni mbovu tangu tuhamie hapa. Muratina imekufa. Nilikuwa naitunza kwa siku atakayorudi Nyaga. Sasa nitamkaribisha na nini?"

Nikaonja tena, safari hii nikaiweka ulimini muda mrefu jinsi baba alivyonifundisha. Ule ukali haukuwa wa kuchacha tu. Ulikuwa na ladha ya msumari.

"Unaichachushia katika nini?"

Akanionyesha debe kuukuu la mafuta ya taa, kutu imeanza kula mshono wake. Vibuyu vyake vikubwa vilivunjika siku ya kuhamishwa.

"Muratina inaweza kuwa hai bado," nikamwambia. "Baba hakubali bati liguse pombe. Nipe kibuyu."

Kibuyu kikubwa kilichobaki kilikuwa kimoja, na ndani yake Mama Wanja aliweka mbegu zake za uwimbi. Hakusita. Alizimwaga kwenye ungo, akakiosha, akakifukiza kwa makaa. Mimi nilizisugua zile muratina katika maji moto mpaka harufu ya kutu ikaisha, tukakoroga asali ya baba, tukazitia, tukakiweka kibuyu karibu na meko. Kutwa nzima Njeru alikuwa akiinama kukitegea sikio.

Siku ya tatu asubuhi kilikuwa kimya. Nilianza kufikiria nitakavyomwambia Kirimi. Saa sita mchana Mama Wanja akaita kwa sauti, tukakimbilia ndani. Kibuyu kilikuwa kinanong'ona, povu limepanda hadi shingoni.

Alasiri tulionja. Ilikuwa changa bado, rangi ya majani makavu, asali ikitangulia na ukali mwembamba ukifuata nyuma, safi, bila msumari. Njeru alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Mwana wa M'Ikiara," akasema, "juzi nilikuita mtu wa askari moyoni mwangu. Leo kunywa."

Tulikunywa watatu mpaka filimbi ya kafyu.

Siku ya nne alizitoa muratina, akazihesabu, akazigawa katikati. Nusu akazifunga kwenye majani ya mgomba, akanipa. Nilifika nyumbani jua likizama, muhuri wangu ukiwa umebakiza saa chache.

Mwezi ulipoandama, wazee wa msichana walirudi. Mkubwa wao alikunywa pembe yake yote, akaipangusa, akaomba nyingine. Kirimi alikula siku hiyo, na alikula sana.

Nilichojifunza ni hiki: kuonja si kusema tamu. Ningesifu pombe ya Njeru, tungeagana vizuri, naye angebaki na debe lake. Njeru na baba hawakuonana tena. Miguu ya baba ilikuwa imechoka. Lakini mwaka uliofuata alikuja mtu kibandani pangu, mwembamba, mrefu, nguo zinampwaya. Alitaka suruali. Nilimpima kiuno, nikamuuliza jina niandike.

"Nyaga," akasema, "wa Njeru, Manyatta. Mama amesema nisikubali unitoze."