Ukurasa Uliofungia Almasi

Nilikosa usingizi nikijiuliza kama nimuuzie mkusanyaji wa majarida ya kale lile jarida la katuni la zamani. Nililikuta Maganzo kwa mama muuza karanga, likingoja kuchanwa lifungiwe karanga. Lilinukia vumbi na karanga, kama nakala yangu ya utotoni, ambayo baba, mchimbaji mdogo, aliichana ukurasa wa mwisho akafungia punje ya almasi ya kumpelekea dalali.

“Baba, sijajua kama yule mwizi wa kwenye katuni alikamatwa!” nililia.

“Alikamatwa, ng'wanawane. Nyamaza,” alisema, akiniita mwanangu kwa Kisukuma.

Asubuhi sikumpigia mkusanyaji. Nilikwenda kwa baba, ambaye sasa haoni vizuri, nikamsomea ukurasa ule wa mwisho. Mwizi alitoroka.

Baba alicheka hadi akakohoa. “Rudia hapo,” alisema.

Nilirudia, kisha nikamwachia jarida.