Fundi Aliyepima Utelezi

Bahizire alikuwa mwashi. Alivuka ziwa kutoka Kivu Kusini akiwa kijana, akatafuta kazi Rumonge, na mji ukamjua kwa sakafu zake. Sakafu ya kiwanda cha mawese cha Mzee Hadji aliimwaga yeye mwaka 1995, akaimalizia kwa niru mpaka mtu akaweza kuona kivuli cha uso wake chini. Hadji aliwaleta wageni kuitazama. Bahizire alisimama pembeni akipokea sifa, na moyoni alijua jambo ambalo hakulisema: sakafu ya namna ile haifai mahali panapomwagika mafuta.

Alijua kwa sababu alifundishwa. Kabla ya kuja Burundi alifanya kazi katika kiwanda cha sukari kwao, na Mjerumani mmoja alikuja kuweka sakafu mpya. Yule Mjerumani alimpandisha juu ya ubao uliomwagiwa mafuta ya injini, akamfunga kamba kiunoni asije akavunjika, akamwambia atembee mbele na nyuma huku ubao ukiinuliwa polepole upande mmoja. Pale mguu ulipoteleza ndipo digrii zilipoandikwa. Sakafu iliyomtupa mtu kabla ya digrii kumi iliitwa R9, nayo ni ya sebuleni. Iliyomshika mpaka kupita thelathini na tano iliitwa R13, ya mahali kama machinjioni. Katikati kulikuwa na madaraja mengine, na Bahizire aliyashika yote kichwani.

Lakini Hadji alitaka sakafu inayong'aa, kazi zilikuwa za shida, na fundi akafyata ulimi.

Februari 1998 Mariyamu akateleza. Alikuwa mwanamke wa hapo hapo Rumonge, mwenye miaka thelathini na kitu, aliyekuwa akichemsha na kuchuja mawese pale tangu kiwanda kilipofunguliwa. Alikuwa amebeba sufuria ya mafuta yaliyotoka motoni, akielekea kwenye mapipa, mguu ukamtoka. Mkono wake wa kushoto uliungua kuanzia begani hadi vidoleni. Bahizire aliisikia habari hiyo akiwa juu ya ukuta wa mtu mwingine, akashuka, akakaa chini na mwiko mkononi, na siku hiyo hakujenga tena.

Kesho yake alikwenda kwa Hadji.

"Mzee, ile sakafu inafaa kuvunjwa juu."

"Sakafu yangu?" Hadji alishangaa. "Iko safi, inaoshwa mbio. Mariyamu alikuwa na haraka, ni vile tu."

"Haikuwa haraka. Ni miye nilikosa."

Hadji alikuwa mtu mzuri, ila mbishi. "Simenti haipatikani siku hizi, na vikwazo hivi vya nchi jirani unaviona. Mimi sitavunja kitu kwa maneno. Unionyeshe kwa macho yangu."

Ndipo Bahizire alipoanza. Nyuma ya kiwanda, upande wa ziwani, alimwaga vibamba vinne vya simenti, kila kimoja kikubwa kama mlango. Kimoja alikipiga niru. Cha pili alikipitishia ufagio kingali kibichi. Cha tatu alikirushia mchanga mnene wa mtoni. Cha nne alikichora mifereji midogo ya kukatana, kama wavu. Kisha akatengeneza meza ya mbao nzito, upande mmoja una bawaba, upande mwingine unainuliwa kwa jeki ya gari, na vibamba vilipandishwa juu yake kimoja kimoja. Ubavuni aligongomea rapota, kile kipimapembe cha plastiki cha watoto wa shule, akaning'iniza uzi wenye nati, na uzi huo ndio uliomsomea digrii. Élysée, mpishi wa mafuta pale kiwandani, alizungusha jeki. Bahizire mwenyewe alitembea, miguu mitupu, maana wafanyakazi wa Hadji walikuwa hawavai viatu, juu ya mawese badala ya mafuta ya injini.

Alianguka mara nyingi. Kila kibamba alikitembea mara kumi, akaandika hesabu ya katikati katika daftari lake. Alichora pia ramani ya kiwanda: mlango, meko, mapipa, ngazi za kushukia ziwani, na kando ya kila mahali akaandika daraja la hatari yake.

Kosa lake lilikuwa moja. Hakufikiri jinsi kazi hiyo ilivyoonekana kutoka mbali.

Nchi ilikuwa vitani, na mita mia mbili kutoka hapo askari wa serikali walikuwa na kambi ndogo, watu waliiita pozisyo. Wiki hiyo mabomu yalikuwa yameanguka upande wa Kizuka, yakapasua michikichi na kuua watu wanne, na kila mtu alisema kuna anayewaelekeza waasi wapi pa kupiga. Sasa askari waliokaa pozisyo walikuwa na siku nne wakimtazama Mkongomani mmoja pale ufukweni, anainua ubao kuelekea angani, anasoma pembe, anaandika.

Walimchukua saa nne asubuhi, mwenzake Élysée akiwa bado ameshika jeki. Élysée alipigwa kitako cha bunduki akaachwa. Bahizire alisukumwa hadi pozisyo mikono imefungwa nyuma, na njiani alipigwa teke la goti mara mbili, goti lile lile.

Luteni alikuwa kijana mwembamba, sauti yake ya chini. Alikuwa na daftari la Bahizire mezani, limefunguliwa penye ramani.

"R ni nini?"

"Ni daraja ya sakafu, Shefu."

"R ni roketi?"

"Hapana, Shefu. Mjerumani ndiye aliandika hivyo. Ni namna sakafu inashika muguu."

Askari waliosimama mlangoni walicheka. Luteni hakucheka. Alifunua ukurasa. "Digrii tisa. Digrii kumi na nne. Digrii makumi mbili na ine. Halafu ngazi za ziwani, mapipa, mlango. Miye nimesoma shule ya jeshi, fundi. Najua ni kazi gani inaomba digrii na ramani."

Bahizire aliona kwamba kila alichoandika kwa uangalifu kilikuwa kinamzika. Angeandika ovyo ovyo kama mafundi wengine, pengine wangemdhania kichaa wakamwacha.

"Shefu, mambo hayo yanaweza kuonekana," alisema. "Munipeleke kwenye ubao. Kila kibamba iko na hesabu yake hapo kwenye daftari. Mushike daftari nyie. Kama ubao utasema ingine, basi."

"Basi nini?"

Bahizire alielekeza kidevu kwenye daftari.

Walirudi naye. Habari ilikuwa imeshafika mjini. Hadji alisimama chini ya paa la kiwanda, kofia mkononi, midomo ikitikisika kwa dua. Élysée alirudishwa kwenye jeki, damu ikiwa bado sikioni. Lakini Bahizire alipofunguliwa kamba na kukanyaga kibamba cha kwanza, kabla ubao haujainuliwa hata kidogo, goti lilimlegea akaanguka. Ubao ulikuwa bado umelala. Digrii sifuri.

"Umeona?" luteni alisema. "Ubao wako umesema."

"Ni goti, Shefu. Wamenipiga goti."

"Nitatembea miye."

Aliyesema ni Mariyamu. Alikuwa ameingia kwa mlango wa mbele, mkono umefungwa bendeji na kutundikwa shingoni kwa kitambaa cha kanga. Hakuna aliyemwita.

"Dada Mariyamu, hapana," Bahizire alisema. "Na mukono moja utajishikilia na nini?"

"Wewe nyamaza, Fundi." Akamgeukia luteni. "Amahoro, Shefu. Miye ndiye nilianguka kwenye sakafu, na huyu anapima kwa ajili yangu. Mutoe ruhusa nitembee."

Luteni alimtazama mkono ule, kisha akatikisa kichwa kukubali.

Mariyamu alivua ndala. Élysée akamwaga mawese, akaanza kuzungusha. Kibamba cha niru kilimtupa upesi; alianguka kwa ubavu mzima, akaguna, akainuka mwenyewe. Luteni aliinama kwenye uzi. "Tisa." Akatazama daftari. Tisa.

Kibamba cha ufagio. Mbele, nyuma, mbele. Jeki ililia. Mguu ukamtoka, Élysée akamdaka.

"Kumi na mbili," luteni alisoma. Akarudi kwenye ukurasa. "Daftari inasema kumi na nne."

Askari mmoja alihamisha bunduki kutoka bega hili kwenda lile, na Bahizire akausikia mkanda wake ukikwaruza. Aliona wazi kwamba angeweza kusema uongo: uzi umepindishwa na upepo, meza imesogea. Lakini luteni alikuwa mtu wa kusoma, angeutambua.

"Muguu si mashine, Shefu," alisema. "Kila mutu anapishana kidogo na mwenzake. Ndiyo maana nilitembea mara kumi, nikachukua ya katikati. Muangalie vizuri, chini ya hiyo kumi na nne nimeandika zote. Kumi na mbili imo."

Luteni alipitisha kidole kwenye ukurasa, mstari kwa mstari. Alichukua muda mrefu. "Imo," alisema mwishoni. "Endelea."

Cha mchanga kilimshika Mariyamu hadi kumi na tisa, na daftari lilisema kumi na tisa. Kikabaki kile cha mifereji. Ubao ulipanda mpaka ukafanana na paa la nyumba. Mariyamu alitembea amejikunja, vidole vya miguu vimekaza, jasho likimchuruzika mpaka kwenye bendeji. Luteni alihesabu kwa sauti. Makumi mbili. Makumi mbili na mbili. Makumi mbili na tatu. Katika ishirini na tano kisigino kiliteleza, akakaa chini kwa kishindo, akashuka mpaka mchangani.

Luteni aliitafuta ishirini na tano chini ya ile ishirini na nne ya daftari, akaikuta, akafunga daftari. Alimwendea askari mmoja, akamwambia jambo kwa Kirundi, na kundi zima likaanza kuondoka. Daftari alilitia mfukoni.

"Shefu, daftari yangu," Bahizire alisema, na papo hapo akajuta.

"Shukuru Mungu wako," luteni alijibu bila kugeuka.

Hadji ndiye aliyelia kwanza. Baadaye, alipokwisha kujifuta uso, alisema wavunje ile niru kesho yake, hata kama itabidi asubiri simenti mwaka mzima. Bahizire aliivunja kwa mkono, kwa nyundo na patasi, amekaa kwenye kigoda kwa sababu ya goti. Simenti haikupatikana. Basi hakumwaga upya. Alichonga mifereji ndani ya simenti ya zamani, kiganja kwa kiganja, kwa wiki tano. Mizinga ilisikika milimani siku nyingine, naye akichonga.

Wiki ya pili Mariyamu alikuja kutazama. Alimkuta karibu na mapipa, pale pale alipoangukia.

"Dada," Bahizire alisema bila kuinua uso, "miye ndiye nilipiga hii niru. Na nilikuwa najua."

"Nafahamu ni wewe uliipiga. Nilikuwa nawapikia chai." Aliinama kutazama mifereji. "Kwamba ulikuwa unajua, hiyo sikuisikia."

"Ndiyo naisema sasa."

Mariyamu alisimama, mkono wa kulia ukiushika ule ulioungua. Bahizire alingojea atukanwe. Nyundo ilikuwa imelala gotini pake.

"Na siku ile ufukweni," Mariyamu aliuliza, "ungenieleza kabla sijapanda kwenye ubao, unafikiri ningepanda?"

"Sijui, Dada."

"Na miye sijui." Alivua ndala, akaweka mguu juu ya sehemu iliyochongwa, akasugua kisigino chake huku na huku, akakanyaga kwa nguvu. "Hapa karibu na pipa uchonge zaidi," alisema. "Hapa ndipo panamwagika kila siku."

Akavaa ndala zake akatoka. Bahizire akachukua patasi.